Digidigi Aliyekagua Chuo

Zama wanyama walipokuwa na chuo chao, Digidigi, msema kweli, alitumwa kukagua huduma za wanafunzi. Mlezi wa wanafunzi alikuwa Chui.

“Mwaka huu wamelalamika wangapi?” Digidigi aliuliza.

“Arobaini,” Chui akajibu. “Wote waliingia ofisini humu, na hakuna aliyelalamika tena.”

Digidigi akaona rundo la kwato ndogo nyuma ya mlango.

“Nawe una lalamiko, mwanangu?”

“Sina, mzee.”

Akaandika kwamba huduma ni bora, akatoka mbio, akishukuru kupona. Ripoti ikasomwa kila kijiji, na wazazi wakaiamini, maana Digidigi hakuwahi kusema uongo. Muhula ulipofunguliwa, mama yake mzazi ndiye aliyetangulia kumpelekea Chui wanawe wawili waliobaki nyumbani.