Ndevu za Mwaka wa Tisa

Fundi bomba alikaa kwenye kiti cha kinyozi, ndevu zimemfika kifuani. Aliapa hatanyoa mpaka timu yake itwae kombe, na huu ulikuwa mwaka wa tisa.

Kwenye runinga, tajiri mpya aliyeinunua klabu hiyo alikuwa akiwapungia mashabiki mkono.

“Shemeji, huyu pesa anazo,” kinyozi alisema, akawasha mashine. “Kombe limeshakuja hilo. Nyoa, dada yangu naye apumzike.”

Fundi alizishika ndevu. Tajiri wa kwanza alipokuja zilikuwa nyeusi tii. Wa pili alipowauza wachezaji na kutoweka, zilikuwa zimeota mvi.

Mashine ilinguruma karibu na sikio lake. Aliyatazama meno ya yule bwana wa kwenye runinga yanavyong'aa, akashusha pumzi.

“Zima,” alisema.

Kinyozi akazima, akainamia soketi.

“Lakini usiichomoe.”