Mashavu ya Shaame

Mtaa mzima uliposifu unene wa mtoto Shaame, bibi yake, Bi Mize, alitembea mabega juu. Kumbe ulikuwa uvimbe wa ugonjwa wa figo. Leo, baada ya wiki nyingi wodini, mashavu yameshuka na uzi wa shanga umelegea kiunoni.

"Mama, niukaze?" aliuliza Raya, mama wa mtoto.

"Uache hivyo hivyo! Mume wangu amekonda, alhamdulillahi. Umeshamsikia bibi gani akishukuru hivyo?"

Nesi akacheka. "Dawa bado zinaendelea, bibi. Na mkojo ukitoa povu, mturudie."

Papo hapo Shaame akakojoa. Bi Mize akakinga kiganja, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Wote watatu wakakiinamia, mkojo ukimchuruzika bibi vidoleni.