Chini ya Bangili

Bangili iliyombana Bi Arafa mkono ilikubali kutoka baada ya mumewe, Makame, kuipaka sabuni. Wote wawili wakakodoa macho. Chini yake palikuwa na utepe wa ngozi laini, nyororo kama ya bibi harusi, ilhali sehemu nyingine ya mkono huo ilikuwa imekauka na kukunjamana.

"Na mafuta yote niliyojipaka!" Bi Arafa alilalama. "Kumbe mwizi wa ujana ni jua!"

Makame akaubusu ule utepe. "Huyu namjua. Ndiye niliyemvisha bangili."

"Niachie mkono, nikaanike dagaa."

Akatoka uani. Alipoinamia jamvi, kivuli kikamfunika. Makame alikuwa amemshikia mwavuli, upara wake mwenyewe ukimetameta juani.

"Sogea, mume wangu," akamwambia, "tuenee."