Ukuta wa Mwezini

Mabinti wawili wa Bi Mgeni waliajiriwa na mataifa mawili hasimu, kila mmoja katika kituo chake Mwezini. Vituo vilipakana ukuta kwa ukuta, lakini sheria ilikataza habari za upande mmoja kufika upande wa pili, hata kupitia kwa mama, na simu zote zilisikilizwa.

Jioni moja Saumu alipiga simu. Alinong'ona, "Mama, dada Tunu ananigongea ukutani. Huwa tunasalimiana hivyo. Leo anagonga kwa nguvu sana."

Bi Mgeni akamtazama Tunu, aliyerudishwa Tanga juzi, akimenya viazi.

"Saumu, Tunu yuko hapa nyumbani! Nani anakugongea ukutani?"

Tunu akaangusha kisu. "Kituo chetu kimefungwa, mama. Hakubaki mtu. Mwambie asijibu!"

Lakini waliokuwa wakisikiliza walishaikata simu.