Nyama ya Upande wa Mama

Baada ya tonge la tatu, Salha alijua tumbo lake limefika mwisho. Madaktari walilikata likabaki dogo kama yai, lakini pilau ya Idi haikuwa na habari hiyo. Ilifuka mvuke kwenye sinia katikati yao, ikinukia bizari, naye bado aliitamani.

Mama yake akachagua nyama iliyolainika kuliko zote, akaisukuma upande wake.

"Kula, mwanangu. Umebaki mifupa."

"Nimeshiba, mama. Nikizidisha natapika."

"Matonge matatu!" Shangazi Mwanasha akacheka. "Hata paka wetu angenuna. Au siku hizi mapishi ya mama'ko hayakupandi?"

Salha alichoka. Tangu asubuhi alikuwa akieleza, kwenye tambi, kwenye kaimati, na sasa hapa. Katika nyumba ile, nyama uliyosukumiwa hairudishwi. Mama akasukuma kipande kingine, kisha kingine, machozi yakimlengalenga.

Salha akatazama sinia. Upande wake palikuwa na kichuguu cha nyama. Upande wa mama palikuwa na wali mtupu.

Akachukua kile kipande laini, akakifinyanga na wali, akalipeleka tonge hadi midomoni mwa mama yake, kama yeye alivyolishwa utotoni.

"Kula wewe, mama. Mimi nitashiba nikikutazama."

Mafuta yalimchirizika Salha mpaka kwenye kiwiko, na mkono ukaanza kumuuma. Hakuushusha. Aliitazama midomo ya mama yake ikitetemeka, bado imefumba.