Tezi Iliyokaa Kabatini

Siku hizi mwanamke akitolewa tezi za kwapani kwa saratani ya matiti, ile iliyopigana nayo vizuri kuliko zote haitupwi. Hukabidhiwa ikiwa hai ndani ya chupa, aende nayo nyumbani. Ya Mama Sekela ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na wageni waliijulia hali kama mtoto.

Kila Jumamosi baada ya chai alijichoma kidole, akaidondoshea damu. Tezi haimsahau adui yake. Ikimkuta tena huwaka kama kaa la moto. Miaka mitatu ilikuwa haijawaka. Hata majirani wadadisi walishaijaribu kwa damu zao, wala haikushtuka.

"Kwani inamjuaje huyo adui?" Sekela, bintiye, hakuchoka kuuliza.

"Walishapigana, mwanangu. Inamjua kuliko mimi."

Jumamosi hiyo mama alikuwa anakanda unga wa chapati, hivyo Sekela akaandaa sindano. Alijichoma yeye kwanza, kama alivyozoea kuonja uji kabla ya kumpa mama alipokuwa mgonjwa. Kisha, kwa udadisi tu, akalidondosha tone lake chupani.

"Mama! Njoo uone!"

Mama Sekela alikuja na unga mikononi. Ukuta mzima ulikuwa mwekundu.

"Umetia damu ya nani?"

"Yangu." Sekela alijaribu kucheka. "Labda imenifananisha na wewe."

Mama aliifunika chupa upesi, lakini mwanga ukapenya kwenye matundu ya kitambaa, ukatua kifuani mwa bintiye.