Vali Isiyofunga

"Daktari, mpime vizuri, asije akasema tunamsingizia," Chande alisema. Mkewe, Zamda, alikuwa amelala ubavu kitandani, kifua kimepakwa jeli inayoteleza kama bamia.

Chande alikuwa akitafuta ushahidi. Kesho alikusudia kumrudisha kwao, awaambie wazee, kama alivyomwambia daktari, kwamba binti yao ni mvivu, ndoo moja tu ya maji inamlaza.

Daktari alitembeza kipimo chini ya titi. "Zamani tulisikiliza kwa sikio tukakisia," alisema. "Siku hizi tunapeleka mawimbi ya sauti ndani, yanagonga damu, yanarudi kutuambia inaelekea wapi."

Akaongeza sauti ya mashine. Shwaa. Kisha shwaa nyingine, ndefu, yenye mkwaruzo.

Chande alikuwa fundi wa pampu za maji. Mji mzima ulimsifu kwamba huitambua vali mbovu kwa sauti akiwa bado barabarani. Hii aliitambua kabla daktari hajafungua mdomo: kinachosukumwa mbele, nusu kinarudi nyuma. Na usiku Zamda alipohema kando yake, yeye alimgeuzia mgongo, akamwambia aache maigizo.

"Vali ya moyo haifungi," daktari alisema. "Huyu ndoo anabebaje?"

Daktari akampa Chande kitambaa amfute mkewe. Akafuta pembeni pembeni, kwenye mbavu na begani, asithubutu kusogea katikati.

"Na hapa," Zamda alisema, uso ukutani, kidole katikati ya kifua.

Mkono wa fundi ukabaki hewani, kitambaa kikidondosha jeli.